Kuhama na Watoto Kwenda Mji wa Elimu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwana-Adamu kwa elimu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, liko suala moja ambalo zamani lilikuwa la watu wachache katika pwani hii, na leo limeingia katika nyumba nyingi. Mtu wa Lamu, au wa Mvita, au wa Tanga, au wa Unguja, amesoma hatta akafika ukomo wa masomo ya kwao, kisha ikamfikia barua kwamba amekubaliwa katika chuo kikuu cha mbali na gharama zake zitalipwa. Mtu huyo si kijana asiye na wa kumwangalia. Ana mke, na ana watoto wadogo. Basi suala ni hili: Je, ni haki kwa baba kuwang'oa watoto wadogo katika mji wao na kuwapeleka ugenini, kwa ajili ya elimu anayoitaka yeye? Na kama si haki, je, ni haki kuwaacha nyuma?

Wengi hulijibu suala hili upesi. Wako wasemao kwamba kutafuta elimu ni faradhi, basi na atwae watu wake aende zake, riziki iko kwa Mungu. Na wako wasemao kwamba ugeni utammeza mtoto yeye na dini yake, basi na akae kwao, Mungu atampa kheri hapo hapo. Majibu yote mawili ni mepesi, na wepesi wake umetokana na jambo moja: hapana hata mmoja kati ya hao aliyemtazama mtoto mwenyewe. Wa kwanza amemhesabu katika mizigo ya safari. Wa pili amemfanya sababu ya kumzuia baba yake, bila ya kuuliza atalelewaje akisalia.

Na upigwe mfano, ili maneno yasiwe hewani. Mtu ni mwalimu wa hesabu katika skuli ya Mombasa, na nyumba yake iko Mji wa Kale. Ana mtoto wa kiume wa miaka 7, na wa kike wa miaka 4, na mchanga wa miezi 8 anyonyaye. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya udaktari wa falsafa katika Ohio University, huko Marekani, na masomo yenyewe yatachukua miaka 5. Chuo hicho kiliasisiwa kwa sheria mwaka 1804, na lugha ya Kiswahili imefundishwa humo kwa miaka mingi, kwa hivyo jina lake si geni kwa watu wa pwani. Kiko katika mji uitwao Athens, nao ni mji mdogo ulioko baina ya vilima, kando ya mto Hocking. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wakaazi wake hawakufika 24,000, na sehemu kubwa yao ni wanafunzi. Mji mkubwa ulio karibu ni Columbus, mwendo wa kilomita 120 hivi.

Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa mji wa namna hiyo ni mji gani. Lamu umejulikana kwa Msikiti wa Riyadha, alioujenga Habib Saleh aliyetoka Ngazija, na watu wakaufuata kwa ajili ya darasa zake kutoka pande zote za pwani. Tarim, katika Hadhramaut, ni mji mdogo, na jina lake limefika mbali kuliko miji iliyo mikubwa mara kumi. Walakini iko farka moja, nayo ndiyo asili ya suala zima. Katika Lamu na Tarim, elimu anayoifuata baba na malezi anayoyahitaji mtoto ni kitu kimoja: baba akienda darasani mtoto yuko nyuma yake, na anayoyasikia baba msikitini mtoto huyasikia barazani. Katika Athens ya Ohio mambo hayo mawili yametengana. Baba atajifunza hesabu za juu, nazo ni elimu njema yenye manufaa, walakini hazitamfunza mtoto wake Alfatiha. Kila saa anayoipa elimu yake ni saa aliyoitoa katika malezi.

Wale wasemao aende nao huleta hoja tatu kutoka katika khabari za waliotangulia, na yafaa zipimwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya Imamu Shafii (R.A.), ambaye watu wa pwani hii hufuata madhehebu yake. Imamu alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, nao ni mwaka 767 wa Miladi. Baba yake alifariki naye angali mchanga, na alipokuwa kama wa miaka miwili mama yake alimchukua akahama naye hatta Makka. Walikuwa mafakiri, hawana cha kumlipa mwalimu, na Imamu aliandika masomo yake juu ya mifupa. Basi husemwa: lau mama yule angaliogopa safari na mtoto mdogo, Waislamu wangalikosa kheri kubwa. Maneno haya ni matamu masikioni, walakini kiasi chake kina farka. Mama yule alihama kwa maslaha ya mtoto: alimtoa mahali asipokuwa na watu wake akampeleka penye ukoo wake, ili nasaba yake isipotee na apate kusoma. Baba wa Mombasa ahama kwa maslaha ya masomo yake mwenyewe, na amtoa mtoto penye watu wake kumpeleka asipokuwa na watu. Safari mbili zinaweza kufanana sura na zisifanane hukumu.

Hoja ya pili ni ya Nabii Ibrahim (A.S.), aliyemweka bibi Hajar na mwanawe Ismail katika bonde la Makka lilipokuwa halina mmea wala mtu. Na hoja hii ni dhaifu zaidi kuliko ile. Nabii Ibrahim alikuwa na amri ya Mola wake, na baba wa leo ana barua ya chuo, na barua ya chuo si wahyi. Tena watu wakisimulia kisa hicho huipita sehemu moja upesi: bibi Hajar aliuliza. Alimfuata mumewe akamuuliza kama Mungu ndiye aliyemwamuru hayo, na alipojibiwa ndipo aliporidhika. Basi ikiwa mke wa Nabii aliuliza na akajibiwa, mke wa mwalimu wa hesabu ana haki ya kuuliza mara saba.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo ni ya hijra ya Habasha. Waislamu wa mwanzo walivuka bahari mwaka 615 wa Miladi, na katika hijra ya pili wanaume peke yao walizidi 80, na pamoja nao walikuwa wanawake. Waliketi katika nchi ya mfalme Mkristo, na baadhi yao, kama Jaafar bin Abi Talib na mkewe Asmaa bint Umays, walikaa huko zaidi ya miaka 10, wakazaa watoto huko, na watoto wale wakarudi Madina wakiwa Waislamu. Hapa pana dalili ya wazi kwamba ugeni peke yake haumli mtoto. Walakini na itazamwe ni kitu gani kilichowahifadhi. Hawakuhifadhiwa na nchi, wala hawakuhifadhiwa na umbali. Walihifadhiwa na jamaa: watu wengi kwa pamoja, wenye sala moja na neno moja, na watu wazima walioshughulika na dini yao mchana na usiku, kwa kuwa dini ndiyo iliyowahamisha. Basi mwenye kuifanya Habasha kuwa hoja yake, na aibebe yote.

Zikisha kupimwa hoja hizo, husalia mbele ya mwalimu wa mfano njia tatu, na hapana katika hizo isiyokuwa na khasara. Jambo hili ni lazima lisemwe wazi, kwani waovu wa ushauri ni wale wanaomfanya mtu aamini kwamba iko njia isiyomgharimu mtu kitu.

Njia ya kwanza ni kwenda peke yake na kuwaacha. Watu wa pwani waijua njia hii kuliko watu wengi duniani, kwani tangu zamani baba zao waliondoka na kusi na kurudi na kaskazi, na wako waliosubiriwa misimu mingi. Leo jahazi imegeuka ndege na barua imegeuka simu, na wako baba wengi wafanyao kazi Ghuba ambao watoto wao huwajua kwa sauti na kwa fedha ya mwezi. Baba akiondoka na mchanga ana miezi 8, akirudi atamkuta ana miaka karibu 6, anaweza kusema, na kusoma, na kukataa. Atamwita baba kwa kuwa ameambiwa amwite hivyo. Shahada iliyokosekana mwaka huu pengine hupatikana mwaka ujao, lakini miaka ile haipatikani kwa fedha wala kwa toba. Na mke aliyeachwa ana haki zake pia, na sharia haikuzinyamazia.

Njia ya pili ni kuikataa nafasi. Wako watakaomsifu kwa hayo, na pengine atakuwa amefanya vema. Walakini na ajihadhari asimtwike mtoto deni asilolijua, kwani baba aliyeacha makusudio yake kwa ajili ya watoto, kisha akawa huwakumbusha kila siku kwa uso uliokunjamana, amewadhulumu kwa namna nyingine. Tena kuna haki ya watu wote. Elimu za hesabu, na tiba, na uhandisi, ni fardhi kifaya. Watu wa mji wote wakiziacha, wote wamekosa. Pwani iliyolalamika miaka mingi kwamba watoto wake hawana walimu wa juu haiwezi kisha kumlaumu kila anayetoka kwenda kuitafuta elimu hiyo.

Njia ya tatu ni kwenda nao. Na hapa yapasa ijulikane ni kitu gani hasa anachokihama mtoto, kwa sababu baba mwenyewe aghlabu hakijui. Mtoto wa Mji wa Kale huamka kwa adhana ya misikiti mingi, mmoja ukimpokea mwenziwe. Jioni huenda chuoni na juzuu yake. Akikosa adabu njiani, humkanya mzee asiyemzaa, na khabari hufika nyumbani kabla ya mtoto kufika. Bibi yake humsimulia, shangazi yake humpikia, Idd ikifika mji mzima ni Idd, na mfungo sita ukiingia yeye yuko katika maulidi kabla ya kujua maana yake. Kiswahili hakufunzwa na mtu, amekinyonya tu. Katika hayo yote baba hakulipa kitu wala hakufanya kazi. Hurudi kutoka skuli, akasali, akaketi barazani, akadhani kwamba analea. Kwa hakika aliyekuwa akilea ni mji. Wahenga wamesema mkono mmoja haulei mwana, na baba huyu hakupata kuhesabu mikono mingapi ilikuwa ikimlelea.

Mikono yote hiyo huanguka kwa siku moja, uwanjani mwa ndege. Katika Athens kipo kituo cha Waislamu karibu na chuo, na hii ni neema, walakini hapana adhana isikiwayo njiani. Jua nalo halina tabia ya jua la Mvita, ambalo huchwa saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Huko mwezi wa Juni Magharibi huingia karibu na saa tatu za usiku, na Isha ikawa saa ya mtoto kulala usingizi mzito. Na mwezi wa Disemba jua huchwa saa kumi na moja na dakika chache, na Alasiri humkuta mtoto yuko skuli. Idd si sikukuu ya nchi, na aghlabu humkuta ana darasa. Kwa upande mwingine, usiku wa mwisho wa Oktoba watu hujivika nguo za mizimu, na mji huu umejulikana tangu miaka ya 1970 kwa kujaa maelfu ya watu katika barabara yake ya Court Street kwa ajili ya sherehe hiyo, na ulevi mwingi ndani yake. Mtoto wa miaka 7 atauliza kwa nini wenziwe wote wamealikwa na yeye hakualikwa. Atauliza leo, na jibu la kesho halitamfaa.

Ama mke, yeye ndiye anayebeba zaidi, na ndiye asiyetajwa sana. Kwa sheria ya nchi hiyo, mke aliyefuatana na mwanafunzi kwa hati ya kawaida ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Posho la mwanafunzi hukadiriwa kwa kichwa kimoja, nalo litaliwa na vichwa vitano. Theluji itafunga mlango, na ndani ya mlango ni yeye na wachanga wawili tangu asubuhi hatta usiku. Akijifungua huko, hapana mamake wa kumkanda kwa maji ya moto wala wa kumhifadhi siku 40. Siku ya tatu atasimama jikoni. Mwanamume atarudi na khabari za maktaba, na mwanamke hatakuwa na khabari yoyote ya kumpa isipokuwa kilio cha mtoto.

Walakini haki yataka yasemwe na yaliyo mema. Skuli za serikali huko ni bure, na mgeni hupokewa kama mwenyeji, na asiyejua lugha hufunzwa. Skuli hizo zimekatazwa na katiba ya nchi kuwasomesha watoto sala ya dini yoyote, kwa hivyo Mwislamu hatalazimishwa ibada isiyokuwa yake. Maktaba ya mji humwazima vitabu hatta mtoto mdogo, bila ya malipo. Na udogo wa mji wenyewe una manufaa. Katika mji mkubwa baba angalipoteza saa mbili njiani. Hapa anaweza kutoka darasani akafika nyumbani kwa miguu, akala na watoto wake, akarudi. Tena Waislamu wa mji wa chuo hutoka katika mataifa mengi, Waarabu na Wamalay na watu wa Afrika ya Magharibi na Wamarekani wenyewe, na mtoto akiwaona katika safu moja hujifunza mapema jambo ambalo wazee wengi wa pwani hawakupata kuliona kwa macho: kwamba dini hii si ada ya ukoo wake. Na kwa kuwa watu ni wachache, kila mmoja huhitajika. Mtoto ambaye Mombasa angalikuwa wa mia nyuma ya safu, huko pengine ataambiwa aadhini.

Husemwa tena: mbona wako watu wa pwani walioishi katika miji ya vyuo umri wao na asili yao haikuwatoka? Na hutajwa Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akaenda Uingereza kusoma katika miaka ya 1950, akafundisha Makerere, kisha Michigan, kisha Binghamton katika jimbo la New York, na huko Marekani akafa mwaka 2014. Maiti yake ililetwa Mombasa ikazikwa kwa wazee wake. Mfano huu ni kweli, na ni wa kufurahisha. Lakini mtu huyo alipotoka Mombasa alikuwa amekwisha kuwa mtu. Alikuwa amemsikia baba yake akisomesha, na mji ulikuwa umekwisha kumjaza. Mtu mzima husafiri na masurufu yake, yakamtosha miaka 50. Mtoto wa miaka 4 husafiri na kikapu kitupu, na mchanga wa miezi 8 hana hata kikapu. Kilichomhifadhi baba hakitamhifadhi mtoto mpaka kwanza atiliwe.

Kwa hivyo suala lenyewe limegeuka. Halikuwa la nchi ile au nchi hii, wala la kwenda au kukaa. Ni hili: mji uliokuwa ukimlelea baba umebaki nyuma, je, yuko tayari yeye na mkewe kuwa mji? Akiwa yuko tayari, ana haki ya kwenda nao. Akiwa hayuko tayari, basi hana haki ya kuwachukua, wala kusoma kwake hakumpi udhuru. Kwani kulea watoto wake ni fardhi ain juu yake, haimwondokei kwa kufanywa na mwingine, na elimu ile aendayo kuitafuta ni fardhi kifaya, yaweza kufanywa na wengine. Na ni kanuni ijulikanayo kwamba aliye na fardhi ain shingoni haimuhalalikii kuivunja kwa ajili ya kifaya. Mtume (S.A.W.) amewafundisha watu kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mchunga hataulizwa amesoma vitabu vingapi hali mbuzi wamepotea.

Na kuwa mji si neno la mapambo. Lina sharti zake, na kila sharti ina saa yake na gharama yake.

Sharti ya kwanza ni mashauri ya kweli na mke. Qurani imeweka kwamba mume na mke wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, na iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Basi ikiwa ziwa, jambo la chumbani, lataka mashauri ya wawili, itakuwaje kumwachisha mtoto nchi, na bibi, na lugha? Na mashauri si kumpa mke khabari baada ya tikiti kununuliwa. Aambiwe juu ya theluji, na juu ya kazi aliyokatazwa, na juu ya siku 40 zisizokuwapo, na aachiwe nafasi ya kusema hapana. Ridhaa ya asiyeweza kukataa si ridhaa.

Sharti ya pili ni kuuliza msikiti kabla ya kuuliza nyumba. Wengi huuliza kodi ni kiasi gani, na skuli iko wapi, na nyama ya halali hupatikana wapi, na wakijibiwa kwamba hupatikana Columbus hufurahi. Nyama huweza kuwekwa katika friji mwezi mzima, jamaa haiwekeki. Na ajue kabla ya kwenda ni nani walioko, na kama kuna wenye watoto, na kama watoto husomeshwa Qurani siku za mapumziko. Kama hakuna, na ajue kwamba darasa hilo litaanzwa na yeye, hatta kama wanafunzi ni wanawe wawili tu.

Sharti ya tatu ni saa. Mwalimu wa hesabu na afanye hesabu hii: baina ya watoto kurudi skuli na watoto kulala kuna kama saa tano. Saa hizo na azitenge, zisiwe za kitabu wala za kompyuta wala za profesa. Ndani yake ziwemo adhana katika nyumba, kwa sauti, hatta kama husikiwa na watu watano tu. Na juzuu, kurasa chache kila siku. Na Kiswahili, kisiachwe kwa sababu mtoto amejibu kwa Kiingereza, kwani mtoto hujibu kwa lugha iliyo nyepesi, na baba mchovu hukubali. Akikubali mwaka mmoja, mwaka wa tatu mtoto atazungumza na bibi yake kwa simu kwa mkalimani. Ikiwa masomo hayatamalizika ila kwa kuziiba saa hizo, basi na yaongezwe mwaka mmoja. Na yakiwa hayaongezeki, na yaachwe.

Sharti ya nne ni kuwaambia watoto kweli. Wengi huwaambia wanawao kwamba wanakwenda kwa faida yao, ili wapate skuli nzuri na maisha mazuri. Mtoto si mjinga. Siku moja atajua kwamba safari ilikuwa ya baba, na siku hiyo atapima na maneno mengine yote ya baba. Na aambiwe kwa kadiri ya akili yake: baba amekwenda kutafuta elimu, na wewe umefuatana naye, na hiyo ni hisani yako kwa baba yako, na baba atailipa. Mtoto aliyeambiwa hivyo hubeba ugeni kwa heshima. Hana deni, yeye ndiye anayewiwa.

Huenda mtu akasema: sharti hizi zote zamlemea msafiri, na aliyebaki hapa je? Mitaa imeharibika. Madawa ya kulevya yamewamaliza vijana mbele ya milango ya misikiti, na simu imeingia kitandani kwa mtoto na dunia nzima imo ndani yake, mema na maovu. Mzee aliyekuwa akimkanya mtoto wa jirani leo hunyamaza, akiogopa ugomvi. Maneno haya ni kweli, na hayawezi kukataliwa. Lakini hayamtetei anayetaka kuhama kwa wepesi, bali yanamshitaki anayekaa kwa wepesi. Kwani yakiwa ni hivyo, basi mji umekwisha kuhama wenyewe, na wako baba wengi wa Mvita na Unguja ambao watoto wao wako ugenini bila ya kupanda ndege. Baba wa Athens angalau anajua kwamba yuko peke yake, na asiposoma na mtoto wake usiku huu hapana atakayesoma naye. Baba wa barazani bado adhani kwamba kuna mji nyuma yake unaomlelea.

Basi mwalimu wa mfano, akiwa ameshauriana na mkewe na wameridhiana, na ameuliza jamaa, na amezitenga saa zake, na amesema kweli kwa wanawe, na aende nao kwa jina la Mungu, wala asiwe na shaka. Na akijiona kwamba ataingia katika maktaba yake asubuhi na kutoka usiku wa manane, akimwachia mwanamke mmoja kazi iliyokuwa ya mtaa mzima, basi na aisubirishe safari mpaka watoto wawe na kitu vikapuni mwao, au na ayafute masomo hayo katika roho yake bila ya kinyongo. Shahada ya juu ni jambo la heshima, na jina lake hutangulia jina la mtu. Lakini siku ya hesabu mtu ataulizwa juu ya wale waliomwita kwa jina lililo fupi kuliko hilo, waliomwita baba.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kutakwako msaada.